Siku Moja ya Kutembea Mji

Kijana mkimbizi akibahatika kualikwa mkutano Ulaya, ratiba yake tunaijua kabla hajaondoka: uwanja wa ndege, hoteli, ukumbi, uwanja wa ndege. Akirudi kambini tunamuuliza, "Lisbon kukoje?" Anatuonyesha picha za projekta.

Sisi tunasema hiyo haitoshi. Na msituambie kutembea mji ni starehe tu.

Chukueni hiyo hiyo Lisbon, mji mkuu wa Ureno, uliojengwa juu ya vilima pale mto Tejo unapoingia baharini. Kule Belém, ndani ya monasteri ya Jerónimos, kuna kaburi la Vasco da Gama, yule yule aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Nguzo yake iko Malindi mpaka leo. Shuleni tulikaririshwa jina lake. Kijana wetu akisimama mbele ya kaburi lile atakuwa na maswali yake mwenyewe.

Halafu kuna uwanja wa Rossio, katikati ya mji. Mwaka 1940 eneo lile lilijaa wakimbizi wa Ulaya waliomkimbia Hitler, wakingoja viza na meli ya kwenda Marekani. Wazungu, jamani, wakingoja karatasi kama sisi! Baadhi yao walifika kwa viza za Aristides de Sousa Mendes, konseli wa Ureno mjini Bordeaux, aliyezigonga muhuri kinyume na amri ya serikali yake. Aliadhibiwa, akafa maskini mwaka 1954. Mwaka 2021 nchi yake ikamwekea kumbukumbu kwenye Pantheon ya Taifa, kule juu karibu na Alfama.

Aliyeyaona hayo anarudi na neno la kutuambia: kungoja karatasi hakukuanza na sisi, na mwenye muhuri naye ana la kuchagua.

Ndugu zetu wa mashirika, tunajua bajeti ni ndogo na viza ina masharti. Ndiyo maana tunaomba mapema: hiyo siku moja iandikwe kwenye barua ya mwaliko kabla haijaenda ubalozini, pamoja na nauli ya tramu.

Na wewe utakayechaguliwa, beba viatu vya kutembelea. Vile vilima si mchezo, na sisi huku tunasubiri habari.