Usizibe briza, usifungue injini. Pima kwanza!

Leo naacha mambo ya programu na hifadhidata, nataka kuzungumzia oili. Naam, oili ya injini. Mliokuja kwa ajili ya kompyuta mnivumilie kidogo, maana ugonjwa ni ule ule.

Nenda Kanyangi, kule Kitui, karibu na mto Athi unaotutenganisha na Makueni. Simama kwenye stegi ya boda boda uangalie chini. Utaona madoa meusi ya oili. Mengine yanatoka kwenye kimpira chembamba kinachoning'inia kando ya injini. Hicho ni kipumulio cha injini, gerejini wanakiita briza. Sasa muulize mwenye pikipiki ameambiwa afanye nini. Atakupa moja kati ya majibu matatu: ziba, weka oili nzito zaidi, au fungua injini ubadilishe ringi. Jibu la nne, yaani "tupime kwanza tujue", hulisikii. Hilo ndilo linaloniudhi, na ndilo linalomla mwendeshaji pesa zake.

Tuanze na kazi ya briza. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake, ndani ya tumbo la injini. Chukua injini ya silinda moja ya 150 cc. Ikizunguka mara 6000 kwa dakika, pistoni inashuka mara 100 kila sekunde. Fanya hesabu: lita 15 za hewa zinasukumwa na kuvutwa kila sekunde ndani ya kijisanduku kidogo chenye oili. Juu ya hayo, gesi kidogo ya moto hupenya kando ya ringi hata kama injini ni mpya. Injini ya kupozwa kwa hewa haina rejeta. Inategemea mapezi yake, upepo na oili yenyewe. Joto lake hupanda na kushuka sana, kwa hiyo pistoni huachiwa nafasi kubwa kidogo ndani ya silinda. Lazima hewa hiyo yote itafute pa kutokea, na ikitoka hubeba ukungu wa oili. Tone moja moja baada ya safari ndefu si ajabu. Kijito cha oili ndiyo habari.

Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini jamani, huu si ufa, hii ni pua! Ukimziba mtu pua na mdomo kwa sababu ana mafua, umemtibu? Ukiziba briza, presha itatafuta mlango mwingine, na mlango wenyewe ni sili na gasketi. Jana ulikuwa na tone moja, kesho una matone manne kutoka sehemu nne. Kwetu sisi wa kompyuta, hii ni sawa na mtu anayefuta faili la logi ili asione makosa. Makosa yapo, wewe tu ndiye umejifumba macho.

Wa oili nzito nao wanaficha dalili, hawatibu. Injini ikiwaka baridi asubuhi, oili nzito kupita ile iliyoandikwa kitabuni huchelewa kufika juu kwenye vali. Umenunua ukimya wa wiki mbili kwa kulipa na vali zako.

Lakini wanaonikera zaidi ni hawa wa kufungua injini mara moja. Mjomba wangu wa Kanyangi alifunguliwa injini ya pikipiki yake mara mbili. Ringi mpya, gasketi mpya, siku kadhaa bila kazi, na mkopo wa pikipiki unaendelea kuhesabu. Briza ikadondosha vile vile. Mwishowe mtu mmoja akachomoa kijiti cha oili akakinusa. Petroli! Sindano ya kabureta ilikuwa imechakaa, na mrija wa kumwaga ziada umezibwa na vumbi. Koki ya tangi ikiachwa wazi usiku, petroli inashuka taratibu hadi kwenye silinda, inapita kando ya ringi, inaingia kwenye oili. Asubuhi oili imeongezeka yenyewe, imekuwa nyepesi kama chai ya rangi, na ikichemka inapandia kwenye briza. Sindano ndogo ya kabureta imegharimu injini kufunguliwa mara mbili. Na kunusa ni bure!

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ufuate mpangilio huu. Tunaanza na lililo rahisi, kama tunavyotafuta hitilafu kwenye programu.

1. Kiwango cha oili. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, na upime jinsi kitabu kinavyosema. Injini nyingi za aina hii hubeba karibu lita 1, nyingine pungufu. Mtu anayemimina chupa nzima ya lita 1 kabla ya oili ya zamani kuisha kutoka amejaza kupita kiasi, na injini itatema ziada kupitia briza. Punguza, kisha uendeshe siku mbili uone.

2. Harufu na rangi. Oili inayonuka petroli na kuongezeka yenyewe inakupeleka kwenye kabureta. Kama ni nyeupe kama maziwa, kuna maji, labda unyevu wa safari fupi fupi ambapo injini haipati moto wa kutosha, au maji yaliyoingia wakati wa kuvuka mto. Kama ni nyeusi na kiwango kinashuka, endelea chini.

3. Mrija wenyewe na mkao wa injini. Mrija umekunjika? Umejaa tope? Umefungwa mahali pasipo pake? Wenye pampu za kumwagilia kando ya mto, hapa ndipo penu. Honda GX160, kwa mfano, haitakiwi kuinama zaidi ya digrii 20. Ukiiweka kwenye mteremko wa ukingo wa mto, oili itafika kwenye kipumulio, na kwenye injini hiyo kipumulio kinaelekea kwenye njia ya hewa ya kabureta. Utaona moshi, utaambiwa ringi. Isawazishe kwanza!

4. Eakilina na mapezi. Vumbi la Ukambani likipita kwenye chujio lililotoboka linasaga ringi na silinda kama msasa. Tope likiganda kwenye mapezi, injini inachemka na oili inakuwa nyepesi. Ukibadilisha ringi bila kubadilisha chujio bovu, umenunua ringi za kusagwa.

5. Kompresheni. Baada ya hayo manne, na si kabla, pasha injini moto, toa plagi, funga geji, fungua akseli yote, piga kiki mpaka mshale usimame. Andika namba. Kisha tia kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Namba ikipanda sana, ringi au silinda zimechoka. Isipopanda, angalia vali au gasketi ya kichwa.

6. Hewa ya mtu wa panchari. Fundi wa jua kali anaweza kuunganisha ganda la plagi kuukuu na vali ya tairi. Weka pistoni juu kabisa, vali zote zikiwa zimefungwa, ingiza gia ya mwisho na ukanyage breki ili injini isizunguke, halafu tia hewa kidogo kidogo. Sikiliza. Ikivuma kwenye briza, ni ringi. Ikivuma kwenye ekzosi, ni vali ya kutolea moshi. Ikivuma kwenye kabureta, ni vali ya kuingizia. Sasa ukifungua injini unajua unachokifuata.

Najua mafundi watakuja juu. "Wewe wa kompyuta unatufundisha kazi?" Hapana. Fundi mzuri anayajua yote haya kunishinda. Tatizo ni kwamba hakuna anayemlipa kuyafanya. Akikaa nusu saa ananusa, anapima, anasikiliza, kisha akakuambia "punguza oili, nenda", utampa nini? Asante na salamu kwa watoto. Akimwaga injini nzima kwenye gunia, utampa pesa bila kuuliza. Sisi wateja ndio tumempangia mshahara wa spana na kumnyima mshahara wa akili. Halafu tunashangaa kwa nini kila ugonjwa unatibiwa kwa spana.

Na tusiseme haiwezekani kubadilika. Zamani kila homa ilikuwa malaria, mtu anapewa dawa kabla hajakaa vizuri kwenye benchi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Leo mgonjwa mwenyewe anauliza majibu ya maabara yako wapi. Kwa nini injini inayolisha familia isiulizwe hivyo hivyo?

Wengine watasema pikipiki hizi ni za bei rahisi, zimeumbwa kuvuja. Si kweli. Honda CG125, babu wa pikipiki nyingi za Kichina tulizo nazo, ilitoka mwaka 1976, na wahandisi wake waliitengeneza kwa kuwafikiria watu wanaofanya kazi ngumu na kuchelewa kubadilisha oili. Na injini ya kupozwa kwa hewa si injini duni: Volkswagen yenye injini kama hiyo ilishinda mashindano yetu ya Safari mwaka 1954, na tena 1962. Chuma kimefanya kazi yake. Sisi ndio hatufanyi yetu.

Basi nasema hivi. Mwenye pikipiki, usikubali injini ifunguliwe kabla hujaonyeshwa namba mbili za kompresheni, kavu na yenye oili, zimeandikwa kwenye karatasi. Na umlipe fundi kwa hiyo karatasi, hata kama hakukaza nati moja. Fundi, weka bei ya kupima ukutani, kando ya bei ya kubadilisha oili. Na nyinyi wa stegi, mnaochangiana harambee na mazishi, changeni mnunue geji moja ya pamoja. Barabara ya Kirinyaga pale Nairobi zipo.

Anayeona nimekosea anijibu kwa vipimo, asinijibu kwa spana. Kwa leo naishia hapo. Narudi kwenye programu zangu, ambazo nazo zinavuja.