Herufi Tano za Palma

Toleo hili limetokana na mabishano kuhusu matangazo ya simu, na kauli moja iliyorudiwarudiwa humo imenikera kiasi kwamba nimeijibu kwa kirefu kuliko kawaida ya ukurasa huu. Kauli yenyewe ni kwamba herufi za madoido ni starehe ya vijana, wasioona ni wachache, na teknolojia itajirekebisha. Aghalabu wanaoitoa wako Dar es Salaam, Nairobi au Maputo, wana simu mpya na mtandao wa uhakika. Ningependa waipime wakiwa Palma, mji wa mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji.

Waliandike jina la mji wenyewe kwa ule mwandiko wa kuviringika ambao programu za kupamba majina hutoa bure. Jicho litaona neno moja, lakini simu itapokea alama tano za hisabati. Programu ya kusoma skrini ikifuata majina rasmi, itataja herufi kubwa ya kihisabati ya mwandiko mnene P, kisha herufi ndogo ya kihisabati ya mwandiko mnene a, na kuendelea hivyo hadi ya tano, tena kwa Kiingereza. Programu nyingine huziruka bila kutoa sauti. Kwangu kuruka ni kubaya zaidi, kwa kuwa msikilizaji hajui kabisa kwamba amenyimwa kitu.

Tena watu hawapambi popote tu. Hupamba kichwa cha tangazo, jina la mahali, tarehe, neno TAHADHARI. Maelezo ya chini huachwa kwa herufi za kawaida kwa sababu ni marefu. Kwa hiyo anayesikiliza huambiwa wafike saa mbili asubuhi na vitambulisho vyao, asijue ni akina nani wanaoitwa wala ni wapi. Palma iliyotawanywa na shambulio la waasi la Machi 24, 2021, watu wakakimbilia Quitunda, Nangade, Mueda na Pemba, imekuwa ikiulizana kwa simu nani yuko wapi, nani amerudi, kazi gani imetangazwa kwenye mradi wa gesi wa Afungi. Kimbunga Kenneth kilipiga mkoa huu Aprili 2019, na Chido Desemba 2024. Hapa tangazo linalofika bila kichwa chake halina budi kuitwa hatari.

Na hao wanaosikiliza si wasioona peke yao. Yuko mzee aliyesoma chuo cha Kurani, anayeifuata hati ya Kiarabu kwa wepesi na kukwama kwenye hati ya Kilatini. Yuko mama anayeongea Kimwani au Kimakwe, Kiswahili anakielewa kwa sikio, na shule ya Kireno hakuwahi kuiingia. Mjadala uliowahesabu wasioona tu na kusema ni wachache umewaacha hawa wote nje ya hesabu.

Herufi hizi ziliingia Unicode, kiwango cha kimataifa cha misimbo ya herufi, mwaka 2001, katika toleo la 3.1, kwa ombi la watu wa hisabati, na walikuwa na haki. Katika fomula moja ya fizikia, H ya mwandiko wa kuviringika ni Hamiltonian na H ya mlazo ni uga wa sumaku; ukizifanya herufi moja, fomula imebadilika. Ndiyo maana alfabeti ya Kilatini ikapewa mitindo 13 humo, kila mtindo na misimbo yake, kwa kuwa umbo lilibeba maana. Aliyeandika jina la kundi la WhatsApp kwa misimbo hiyo hakuihitaji maana yoyote ya ziada. Alitaka uzuri, akauchukua kwenye ghala la hisabati kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

Uzuri huo siupingi, na hapa naomba subira ya msomaji, maana jambo hili naliona limesahauliwa na pande zote mbili. Pwani hii ilijua kupamba maandishi zamani sana. Katika Arquivo Histórico de Moçambique kule Maputo zimehifadhiwa barua za karne ya 19 ambazo masheikh na watawala wa Cabo Delgado waliwaandikia maofisa wa Kireno kwa hati ya Kiarabu, kwa Kiswahili na kwa lugha za hapa. Liazzat Bonate na Chapane Mutiua wamezifanyia kazi ya kuheshimika. Kila katibu alikuwa na mkono wake, huyu akiivuta herufi, yule akiibana. Lakini alifu ya huyu na alifu ya yule ni alifu moja, na mtu anayeingiza barua hizo kwenye kompyuta leo ataziandika kwa msimbo uleule. Mkono wa katibu utaonekana kwenye picha ya barua, au kwenye fonti iliyochorwa kuufuata, na maneno yatabaki yanatafutika na kusomeka kwa sauti. Hilo ndilo ninalotaka kwa hati ya Kilatini pia: nakshi ikae kwenye fonti, msimbo uachiwe herufi.

Kwa nini basi vijana hawatumii fonti? Kwa sababu mitandao mingi ya kijamii haiwaruhusu kuichagua pale wanapoandika jina au tangazo fupi. Lawama yangu kubwa iko kwa kampuni hizo. Zingeweka mitindo michache halali ya kupamba, biashara ya herufi za hisabati ingepungua sana. Wenzangu wanaowakaripia vijana wamekosea mlango.

Kuhusu hoja ya teknolojia kujirekebisha, nakubali sehemu. Unicode yenyewe inayo kanuni ya kuzirudisha herufi hizi kwenye hali ya kawaida, inayoitwa NFKC, na NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini, iliweka chaguo la kusawazisha maandishi kwa njia hiyo katika toleo la 2024.3. Lakini NVDA ni ya kompyuta za Windows, na Palma inasoma kwa simu. Isitoshe, kanuni hiyo haigusi herufi kubwa ndogondogo zilizochukuliwa kwenye alfabeti ya wanafonetiki, wala zile nyeupe zilizokaa ndani ya vimraba vyeusi. Hizo hazina pa kurudishwa, kwa sababu kwa Unicode hazikuwahi kuwa P wala A.

Msomaji mmoja ameniuliza kuhusu alama za dini, na swali lake ni zuri. Alama ﷺ ya kumsalia Mtume hufunguka kwa kanuni hiyohiyo kuwa herufi na nafasi 18, hivyo mashine ina njia ya kuyapata maneno yake. Alama ya Bismillahi iliyo kamili katika msimbo mmoja haina mlango huo. Anayefungua tangazo kwa jina la Mwenyezi Mungu aliandike kwa maneno kamili, ili lisikike.

Kuna pia SMS, ambayo mtandao wa data ukianguka ndiyo hubaki. Ujumbe wa herufi za kawaida hubeba 160. Ikiingia herufi moja tu ya madoido, nafasi hushuka hadi 70, na kwa kuwa kila herufi ya hisabati hula nafasi mbili, ujumbe uliopambwa wote hubeba 35. Onyo la kimbunga halienei humo.

Makala ya sheria katika toleo hili inaonyesha kuwa kanuni hazikosekani. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa mtandao, WCAG, unalitaja kosa la kuweka alama zinazofanana na herufi mahali pa herufi zenyewe kwa namba F71, Kenya ilitoa kiwango chake KS 2952 mwaka 2022, na Msumbiji iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2012. Mahojiano na wanafunzi wasioona yasomwe kabla ya mengine yote. Makala ya tahajia ya Kimwani ni fupi, ila inagusa kidonda: simu hazina sauti ya Kimwani wala ya Kimakwe, hivyo maandishi ya lugha hizo husomwa na sauti ya Kiswahili, ambayo haijui kuwa c ya Msumbiji ni ch na x ni sh. Lugha iliyokwisha kubebeshwa mzigo huo haiwezi kuongezewa madoido.

Makala ya mwisho inanipinga. Mwandishi wake, kijana mchoraji wa matangazo, anasema jina la mtu ni mali yake, na akilipamba apendavyo hana wa kumwomba ruhusa. Kwa jina lake mwenyewe nimekubali, na nimelichapa alivyolileta, likiwa na herufi za kawaida kando yake. Kwa jina la kundi linalopeleka orodha za misaada kwa mtaa mzima sijakubali. Hilo ni la wote wanaolitegemea, na msimamizi wake anaweza kuliandika upya leo hii kwa kibodi ya kawaida.