Mkutano wa Kijiji si wa Wasio na Kazi

Vijiji vingi vya Usukumani vinaitwa kwa jina la mtu. Mwanhuzi na Mwandoya kule Meatu, Mwamanyili huku Busega: hiyo Mwa- ya mwanzo, kwa Kisukuma, ni "kwa fulani". Mwamanyili, basi, ni kwa Manyili. Manyili mwenyewe hayupo, utemi ulifutwa 1963, na kata yenye jina hilo leo ina diwani, mtendaji na wenyeviti wa vijiji waliopigiwa kura. Mazoea ya kuiona nchi kama mali ya mkubwa mmoja hayakufutwa pamoja na utemi. Yamehamia kwa mheshimiwa.

Sikiliza watu wanavyozungumza, iwe stendi ya Lamadi, mnadani, au kwenye vijiwe vya kahawa Bariadi mjini. Mbunge "ametuletea" kisima. Waziri "ametuletea" madarasa. Mkuu wa mkoa "ametuletea" zahanati. Kila mradi una mletaji, na kila mletaji ana gari. Na imani hiyo ina ndugu yake pacha, asiye na adabu kidogo: mkutano wa kijiji ni wa wasio na kazi. Mwenye shamba yuko shambani, mwenye duka yuko dukani, mwenye bodaboda yuko barabara kuu ya Mwanza na Musoma akisaka abiria. Wanaobaki chini ya mwembe ni wazee, walevi ambao pombe yao haijaiva, na mtendaji anayehesabu vichwa.

Imani hii ni ya uongo, na wanaoiamini wanailipia.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayovunjwa kila siku kwa dharau. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, inautaja mkutano mkuu wa kijiji kuwa mamlaka ya juu kabisa katika mambo yote ya sera ya kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Unatakiwa ukae kila miezi mitatu. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, yenye watu 15 hadi 25, na ndio unaoweza kuiondoa. Mwenyekiti wa kijiji hapokei mshahara wa serikali. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Wote wawili, mbele ya mkutano, ni watu wa kuulizwa. Tanzania ina maelfu ya watu wenye vyeo, lakini hakuna mahali pengine ambapo mama muuza dagaa anaweza kusimama, akataka kusomewa mapato na matumizi, na sheria ikawa upande wake.

Halafu kuna ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaikataza halmashauri ya kijiji kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Serikali ikitaka kuihamisha ardhi ya kijiji kwa matumizi ya umma, na eneo lenyewe halizidi hekta 250, mkutano ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, waziri ndiye anayeamua, baada ya kupokea mapendekezo ya mkutano. Hekta 250 ni zaidi ya ekari 600. Kwa mkulima wa Busega anayelima pamba ekari tatu au nne na kuchunga ng'ombe wachache, hilo ni eneo la kutosha familia nyingi, na hatima yake inaamuliwa kwa kunyoosha mikono katika mkutano ambao yeye ameuita wa wasio na kazi.

Migogoro mingi ya ardhi vijijini huanza hivi hivi. Mgeni anakuja, anazungumza na watu wanne watano, muhtasari unaandikwa, orodha ya mahudhurio inajazwa majina. Miaka miwili baadaye nguzo za uzio zinasimikwa, na ndipo kijiji kizima kinakuwa na muda. Kinakwenda kwa mkuu wa wilaya kwa lori. Kinaambiwa: muhtasari upo, mlikubali.

Usukumani kuna kipimo kizuri cha kujua watu wanathamini nini. Ng'ombe akiibwa usiku, hupigwa mwano, yaani yowe la kuita watu. Ukipigwa, hakuna anayesema yuko shambani. Wanaume wanatoka na fimbo, wanafuata nyayo hata kama ni kuvuka mpaka wa wilaya, na asiyetoka hutozwa faini na nzengo, yaani jumuiya ya majirani zake mwenyewe. Sungusungu, walinzi hao wa vijiji, walipoanza miaka ya 1980 mwanzoni, nguvu yao ilikuwa hapo: jambo la mmoja ni la wote, na kutohudhuria ni kosa. Watu hao hao, ambao hawaoni uvivu kutembea usiku kucha nyuma ya ndama mmoja, wanaona ni kupoteza muda kukaa saa mbili mchana kusikiliza ekari 600 zikijadiliwa.

Twende kwenye fedha. Simiyu ni mkoa wa pamba, na pamba inaponunuliwa, mnunuzi hulipa ushuru wa halmashauri. Tangu marekebisho ya 2017, ushuru huo kwa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya bei ya kununulia, kutoka asilimia 5 ya awali. Kwa kila pamba ya shilingi 1,000,000, shilingi 30,000 zinakwenda halmashauri. Fedha hizo ni mapato ya ndani, na mapato ya ndani yana masharti: tangu 2018 sheria inataka asilimia 10 ya fungu hilo ikopeshwe bila riba kwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 baada ya malalamiko ya vikundi hewa na marejesho yasiyofika, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Hebu tujiulize: kikundi hewa kinapitaje? Kinapita kwa sababu hakuna jirani aliyekuwapo kusema, "Hawa ninaoishi nao mtaa mmoja, hawana cherehani wala kuku."

Mwaka huo huo wa 2017 Serikali ilitangaza jambo ambalo wengi hadi leo hawalijui: anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine halipishwi ushuru. Mama mwenye magunia manne ya mpunga hana deni kwenye geti. Lakini haki asiyoijua mtu ni kama haipo, na getini kijana mwenye mashine ya POS hawezi kutegemewa kumhubiria. Mahali pa kuambiwa jambo hilo, na pa kumuuliza mtendaji kwa nini shangazi wa fulani alitozwa wiki iliyopita, ni kwenye mkutano ule ule.

Sasa turudi kwa mleta maendeleo na gari lake.

Chukua zahanati ya kawaida ya kijijini. Kwanza watu wenyewe wanakubaliana kujenga. Wanachangishana, wanasomba mchanga, mawe na maji, wanapandisha kuta hadi usawa wa lenta. Hilo linaitwa boma, na mikoa ya Kanda ya Ziwa imejaa maboma. Kisha halmashauri au Serikali Kuu inatoa fedha za kupaua na kumalizia. Siku ya uzinduzi utepe unakatwa na mtu ambaye hakubeba hata debe moja la mchanga, na jioni yake kijiji kizima kinasema ametuletea zahanati. Wanaosema hivyo wana makovu ya tofali mabegani.

Hata fedha ambazo mbunge anazigawa kwa mkono wake si zake. Mfuko wa Jimbo ulianzishwa kwa sheria ya 2009, fedha zake zinatoka Hazina, na miradi yake inatakiwa itokane na vipaumbele vya wananchi wenyewe. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati ya mfuko, basi. Na akifika kwenye Baraza la Madiwani la wilaya yake, anaketi kama mjumbe. Anayeongoza kikao ni mwenyekiti wa halmashauri, ambaye ni diwani. Vikao hivyo vya baraza viko wazi kwa umma. Mkazi wa Mwamanyili anaweza kupanda basi hadi makao makuu ya wilaya, Nyashimo, akakaa nyuma ya ukumbi na kusikia kama diwani wake alizungumza au alisinzia.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Wanasema serikali za mitaa zimenyonywa hadi zimebaki mifupa. Mwaka 1972 zilifutwa kabisa kwa jina la Madaraka Mikoani, na wilaya zikasubiri hadi 1984 kurudishiwa mabaraza. Kodi ya majengo ilipelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Barabara za vijijini zilihamia TARURA mwaka 2017, maji yakahamia RUWASA mwaka 2019. Mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, na tena wa Novemba 2024, chama tawala kilitangazwa kushinda karibu vijiji vyote, na mwaka 2019 wagombea wengi walipita bila kupingwa. Sasa mkutano wa kijiji uliobaki na nini, wanauliza, zaidi ya kuomba michango?

Kila walichosema hapo ni kweli. Lakini wameishia njiani. TARURA ilichukua barabara; haikuchukua ardhi. RUWASA ilichukua visima, na hata hivyo visima hivyo vinaendeshwa na vyombo vya watumia maji vinavyoundwa na wanavijiji wenyewe. Hakuna aliyeuondolea mkutano mkuu mamlaka ya kukataa mgawo wa ardhi, kupitisha au kukataa sheria ndogo za kijiji, au kudai hesabu. Hayo yamebaki, na yanaoza kwa kutotumika. Ikiwa karamu yote imebebwa na bakuli moja limeachwa mezani, ni mtu gani mwenye njaa anayelisukuma mbali kwa hasira ya yale yaliyobebwa?

Kuhusu michango, lawama ni halali. Mikutano mingi imegeuzwa minada ya kutangaza michango, na mtu aliyekwenda mara tatu akarudi na deni mara tatu ana haki ya kukasirika. Ila asiyekwenda naye hudaiwa. Tofauti ni kwamba aliyekwenda aliweza kupinga kiwango, akataka michango ya mwaka jana isomwe kwanza, akahoji kwa nini wajane na wazee hawakusamehewa. Aliyebaki shambani alipata taarifa kutoka kwa mgambo.

Wazee wa Kanda ya Ziwa hawakuwa na dharau hii. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipotaka kuilazimisha Geita iwe na baraza la wilaya la mseto wa rangi, ambalo wananchi waliliona kuwa njia ya kuwapa wageni sauti juu ya ardhi yao, mamia walikwenda Mwanza kupinga, wakakutana na polisi na mabomu ya machozi. Hawakurudi nyuma, na mpango wenyewe ukaachwa. Kisa cha yote hayo kilikuwa baraza la wilaya: nani aketi ndani yake, nani apige kura. Wajukuu wao wanaliita baraza hilo hilo porojo.

Na majirani zetu wameonyesha kwamba ushiriki si pambo. Mwezi Aprili 2014 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, pamoja na ushuru wote uliopangwa humo, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kaunti ilishindwa mahakamani kwa kosa la kudhani kwamba tangazo la gazetini linatosha. Tanzania ina muhtasari wa kijiji, unaotumika kila siku kuthibitisha kwamba wananchi walishirikishwa, lakini mtu hawezi kwenda mbele ya baraza la ardhi kusema hakushirikishwa ilhali aliitwa na hakufika.

Simiyu ilitangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, na Busega ikamegwa kutoka Magu. Watu walishangilia kwamba serikali imesogea. Imesogea kweli: safari ya ofisi ya wilaya imekuwa fupi, ofisi ya kata iko jirani, ya kijiji iko hatua chache. Haiwezi kusogea zaidi ya hapo. Kilichobaki ni mwananchi naye anyanyuke. Wakazi wa Mwamanyili waanze na jambo moja dogo: waende kwa mtendaji wa kijiji na kuuliza mkutano wa mwisho ulifanyika lini, na muhtasari wake uko wapi. Kama miezi mitatu imepita bila mkutano, sheria imevunjwa na waidai.

Wasichelewe. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini miradi yake huibuliwa vijijini miezi mingi kabla, ikapita kata, halmashauri na mkoa kabla ya bajeti kufika bungeni. Darasa ambalo halikutajwa chini ya mwembe halitakuwamo kwenye makabrasha yanayofika Dodoma, hata mheshimiwa awe na magari kumi.