Kafeini ifike Buwenge, na mwangalizi wake

Mtoto njiti huacha kupumua bila kelele. Ubongo wake haujakomaa kiasi cha kuendesha pumzi bila kukatika. Sekunde 20 zinapita, mapigo ya moyo yanashuka, midomo inageuka rangi. Muuguzi akiwa karibu humsugua mgongo au unyayo, naye huvuta hewa tena. Asipokuwepo, hakuna anayejua.

Dawa ya kupunguza hali hiyo ipo: kafeini. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa watoto 2,006, uliotangazwa mwaka 2006 na 2007, ulionyesha kwamba inapunguza madhara ya mapafu, na kwamba waliopewa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi bila ulemavu hadi umri wa miezi 18 na zaidi. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza katika mwongozo wake wa 2022. Hata hivyo, hospitali nyingi za Afrika bado zinatumia aminofilini, ambayo hukimbiza moyo zaidi na ambayo dozi yake salama iko karibu mno na dozi ya sumu.

Tunasema kafeini isiishie hospitali za rufaa za Jinja na Mbale, Uganda. Njiti aliyezaliwa Buwenge ana safari ya barabara ya Kamuli mpaka Jinja. Akiwa ameanza kukatika pumzi, dozi ya kwanza isingoje afike, na anayemsindikiza awe na kipima oksijeni na mfuko wa kumpulizia hewa.

Lakini chupa peke yake haitoshi. Dozi ya kuanzia ni miligramu 20 za kafeini sitrati kwa kila kilo. Baada ya saa 24 hufuata miligramu 5 kwa kilo, mara moja kwa siku. Mtoto wa kilo 1.2 anapata miligramu 24, kesho yake 6. Kwa dawa yenye miligramu 20 katika mililita moja, hiyo kesho ni mililita 0.3 tu. Bila mizani sahihi na bomba dogo la sindano, tunabahatisha. Lebo nayo isomwe vizuri: miligramu 20 za sitrati zina miligramu 10 tu za kafeini yenyewe, na anayezichanganya anaweza kumpa mtoto dozi maradufu. Mapigo yakipita 180 kwa dakika, daktari aulizwe kabla ya dozi inayofuata. Dawa ikisimamishwa, mtoto aangaliwe siku 5 hadi 7 kabla ya kuruhusiwa, kwa kuwa kafeini hukawia mwilini. Na kahawa ya Mlima Elgon, kwa uzuri wake wote, si mbadala, asikorogewe mtoto.

Busoga yenyewe, eneo lenye Jinja na Buwenge, imeshaonyesha kwamba wafanyakazi waliofunzwa wanaokoa watoto. Katika utafiti uliofanyika huko na Migori, Kenya, mafunzo ya vitendo, orodha ya ukaguzi na kumbukumbu bora viliambatana na vifo vya asilimia 15 kati ya watoto waliozaliwa njiti au wadogo, dhidi ya asilimia 23 palipokosekana mpango huo kamili.

Kwa hiyo Wizara ya Afya isituletee bajeti ya kafeini pekee. Katika mstari huohuo iandike mizani, kipima oksijeni na mshahara wa muuguzi wa zamu ya usiku.