Carnivore si uwanja wa shoo tu

Mtajie mtu wa rika langu Carnivore, atakuambia ni pale shoo hufanyika. Sawa, uwanja upo, tena wengi wetu tuliujua kwa mabango ya matamasha. Lakini hiyo ni hoteli, jamani. Hoteli ya nyama, Lang'ata Road, ilifunguliwa 1980. Mwaka wa 2002 na tena 2003, jarida la Restaurant la Uingereza liliiweka kwenye orodha ya mikahawa 50 bora duniani. Hiyo 2002 nambari moja ilikuwa El Bulli ya Uhispania, wale wa vyakula vya maabara. Sisi tulifika hapo na nyama choma.

Najua utasema walifika kwa sababu ya pundamilia. Ni kweli kwamba zamani walichoma nyama za porini, na watalii walikuja kwa hiyo. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hivyo nyama hiyo ilitoka kwenye ranchi zenye kibali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikafunga hata huo mlango. Haya, pundamilia akaondoka. Hoteli ilikufa? Wapi! Walibaki na ng'ombe, mbuzi, kuku, nguruwe, pamoja na mbuni na mamba wa kufugwa, na watu wakaendelea kujaa.

Ndiyo maana nasema kilichowapa jina si mnyama. Ni jiko. Ukiingia unakutana na shimo kubwa la makaa, nyama imedungwa kwenye sime za Kimaasai, na mhudumu anakuja nayo mpaka mezani anakukatia hapo hapo. Hawaachi kuleta mpaka ulaze kibendera cheupe kilichosimama mezani, yaani umesalimu amri. Mtu alichukua kitu ambacho kila kijiji Kenya kinakijua, akakiheshimu, akakipangia utaratibu. Bei si ya mfuko wangu, siwezi kudanganya, na wanaosema ni ya watalii wana hoja. Lakini wazo lenyewe ni letu.

Hata Wazungu huanza hivyo. Kule Uholanzi kulikuwa na mkahawa unaitwa Oud Sluis. Ulikuwa wa familia, wa kuuza kome wa baharini, chakula cha kawaida tu cha watu wa pwani yao. Sergio Herman akauchukua kutoka kwa babake, na 2005 akapata nyota ya tatu ya Michelin. 2013 akaufunga, nyota zote tatu zikiwa bado ukutani. (Hapo kwa kufunga sijui kama ningeweza, manze.)

Sasa rudi huku Chepilat. Tuko mpakani, Bomet upande huu, Nyamira upande ule, Wakipsigis na Wakisii sokoni pamoja. Tuna mursik inayolala kwenye sotet iliyopakwa mkaa wa senetwet. Tuna kimyet ya wimbi. Wenzetu wana chinsaga, ile chungu inayotulizwa na maziwa. Majani chai yamezunguka kila kilima. Halafu ingia hoteli yoyote uitishe chai: utaletewa ya maziwa, tamu kweli, lakini hakuna atakayekuambia majani yametoka kiwanda gani. Chai nzuri tunaipeleka mnadani Mombasa, wageni wanaionja kijiko kwa kijiko na kuipa alama, na sisi tuliochuma hatujui hata ladha yake inaelezwaje.

Nilipoacha chuo, maneno niliyosikia mtaani ni kwamba nitaishia kuosha vikombe hotelini. Kama tusi hivi. Na ndiyo shida yetu, kupika tumekufanya adhabu ya walioshindwa na masomo. Nina marafiki wanaojua kutengeneza mursik kuliko mpishi yeyote mwenye kofia ndefu, lakini wanaona haya kuiweka kwenye menyu. Menyu yao ni chipsi na smoki.

Mimi ningeanza na meza sita, kando ya barabara ya Sotik kwenda Keroka. Mursik inamiminwa kutoka kwa sotet mbele ya mgeni, kimyet, chinsaga, mbuzi wa makaa, na mwisho chai ya rangi yenye jina la kiwanda chake. Sahani shilingi 800. Ukisema hakuna atakayelipa, niambie hesabu yako kwenye komenti, na useme ulilipa ngapi mara ya mwisho kwa piza.