Kwa Muuguzi Atakaye Kazi ya Kutunza Wazee

Wauguzi kadha wa kadha wa Handeni na Korogwe wametuuliza kama yafaa kuomba kazi katika makao ya wazee, kama yale ya Misufini huko Muheza, au Mwanzange mjini Tanga. Hatuwakatazi. Ila twapenda wajiulize mapema yale ambayo wengi hujiuliza wakiisha kufika.

Hospitalini, kama pale Magunga, mgonjwa huja, hutibiwa, akaenda zake. Makaoni haendi. Utamwosha leo na mwaka ujao, na pengine wewe ndiwe utakayemfumba macho. Asiyeweza kazi pasipo kuona mtu akipona, na aseme, si aibu.

Tena liko jambo la ukoma, kwa kuwa baadhi ya makao ya wazee nchini, kama Chazi na Bukumbi, yalikuwa makao ya wakoma. Dawa za mchanganyiko, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, huua vijidudu vya ugonjwa, lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa haifufuki. Mzee aliyepona zamani aweza kukanyaga kaa la moto asijue. Basi kazi ni kutazama nyayo zake kila siku, kuziloweka, kuzipaka mafuta, na kutia mkono ndani ya kiatu kutafuta msumari. Muuguzi aliyezoea kungoja mgonjwa aseme "naumwa" atachelewa. Na aliyekwisha kutibiwa haambukizi. Mwenye hofu hiyo na ajifunze kwanza, wazee wasije wakamwona akiwakwepa.

Mashamba ya mkonge ya Korogwe yaliajiri manamba kutoka mbali, hata Kigoma na Songea, na wengine walizeekea huku pasipo jamaa. Mtu mwenye maumivu usiku hurudia lugha ya mamaye. Kizigua na Kisambaa havitatosha.

Lakini swali kubwa kwetu ni la mikono. Mzee asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda vya kulala, na kumgeuza vema kwataka watu wawili. Basi kabla ya kutia sahihi uliza: usiku tutakuwa wangapi? Nikiugua, nani atashika zamu? Tumepata kuwaona wenye huruma nyingi wakiumia mgongo katika mwaka mmoja, kisha wakaitwa wavivu. Majibu na yaandikwe katika barua, kwa sababu ahadi ya mdomo ya mkubwa aliyehamishwa haimfungi yule aliyekuja mahali pake.