Undugu wa Kazini Hulindwa na Kanuni: Funzo la Mwethya kwa Kampuni Ndogo za Mitaboni

"Sisi hapa ni familia moja." Kauli hii humlaki mfanyakazi mgeni katika kampuni nyingi ndogo, si Mitaboni pekee bali kote nchini Kenya. Ni kauli tamu, na mara nyingi hutolewa kwa nia njema. Hata hivyo, msomi wa lugha hana budi kujiuliza: je, kauli hiyo humfaa nani mwezi unapokwisha na mshahara haujalipwa?

Mitaboni ni soko na wadi katika eneo la Kathiani, kaunti ya Machakos. Katika mahali kama hapa, mwajiri na mwajiriwa hukutana kanisani, mazishini na kwenye foleni ya matatu. Huenda mfanyakazi akamwita mwajiri wake "mwaitu", yaani mama, wala si kwa unafiki. Lakini heshima hiyo ina upande wa pili. Anayedai ujira wa mama yake huonekana mtovu wa adabu. Anayeomba likizo huonekana amewatoroka nduguze. Hivyo kimya hutawala, na kimya hicho huitwa amani. Makala haya yanadai kwamba urafiki wa kweli kazini haujengwi kwa majina ya ukoo, bali kwa kanuni zinazojulikana na wote.

Hoja hii si ngeni Ukambani. Wakamba wana asasi yao ya kale ya kazi, nayo ni mwethya. Mwenye shamba au nyumba ya kujenga aliwaita majirani, wakafanya kazi pamoja, naye akawalisha. Kesho yake zamu ilimwangukia yeye kuwasaidia wengine. Mwethya ulikuwa na ucheko na nyimbo, lakini haukuwa holela. Kila mmoja alijua deni lake na haki yake. Ndiyo maana wahenga walinena kuwa undugu ni kufaana, si kufanana.

Historia ya matuta ya Machakos inathibitisha jambo hili. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wenyeji kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi hiyo ya shuruti ilichukiwa. Katika miaka ya 1950, makundi ya mwethya yaliyojichagulia viongozi, wengi wao wakiwa wanawake, yaliishika kazi hiyo kwa ari zaidi. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha jinsi wilaya iliyodhaniwa kuwa inakufa ilivyohifadhi udongo wake hata idadi ya watu ilipoongezeka. Vilima vilikuwa vile vile na jembe lile lile. Kilichobadilika ni nani aliyeamua.

Aidha, sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo kamili. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri kuwa na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia pale tu anapokuwa na wafanyakazi 20 au zaidi. Binti anayefanya kazi katika kampuni ya watu wanane analindwa na sheria, lakini hana waraka ukutani wa kumwelekeza pa kulalamika. Pengo hilo halizibwi na neno "familia". Huzibwa na ukurasa mmoja tu: siku ya mshahara, zamu za mapumziko, na jina la mtu wa kupokea malalamiko, ambaye si jamaa wa mwajiri.

Ukurasa huo uandikwe kwa lugha gani? Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika. Sheria inaagiza kwamba mfanyakazi asiyeelewa lugha ya mkataba aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kadhalika, kabla ya kuachishwa kazi kwa kosa, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake akiwapo. Mikataba mingi ingali ya Kiingereza, ilhali Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mhitimu anayeweza kuandika mkataba wa kazi kwa Kiswahili chepesi na sanifu ana huduma ya kuitoa ambayo bado haina watoaji wengi.

Wapo watakaopinga kwamba kanuni huua uchangamfu, na kwamba karatasi ni za kampuni kubwa za Nairobi. La hasha. Kinachoua uchangamfu ni shaka: kutojua utalipwa lini, wala kwa nini mwenzio amepewa siku ya mapumziko nawe ukanyimwa. Mwajiri mdogo mara nyingi hana uwezo wa kulipa mishahara minono. Kumweleza mfanyakazi mapema kwamba fedha zitachelewa, na hadi siku gani, hakumgharimu shilingi.

Waajiri wa Mitaboni hawahitaji kuagiza utamaduni mpya kutoka ng'ambo. Wanao tayari. Kilichobaki ni kuurithi mwethya mzima, zamu na haki zake pamoja na nyimbo zake.